Kabla ya Kitabu, Bomba

Shikamoo mama.

Marahaba haitakuja, najua. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtoto hutoa salamu bila kungoja aitikiwe. Basi hiyo imetoka, iliyobaki ni yako na Mola wako.

Barua zote ninazoandika siku hizi zina kumbukumbu namba juu na nakala chini. Hii haina. Naiandika hapa mezani kwangu Kibaha, saa ya mapumziko, wenzangu wamevuka barabara kwenda kula wali kwa mama ntilie. Kando yangu kuna barua nyingine yenye mhuri inayonitaka nijieleze. Ndivyo ilivyoandikwa: nijieleze kwa maandishi ndani ya siku saba za kazi kwa nini nisichukuliwe hatua za nidhamu kwa kubadilisha taarifa ya utekelezaji bila idhini ya mkuu wangu. Leo ni siku ya sita. Nimeshachana karatasi nne. Kila nikianza "Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu," mkono unagoma. Nimeona nijieleze kwako kwanza, maana kosa lenyewe nililifanya kwako kabla sijalifanya kwa serikali. Na barua naiacha wazi, anayetaka kusoma asome. Mficha uchi hazai, ulikuwa ukiwaambia wajawazito waliofika kwako wamejikunyata kwa haya. Mimi mwenyewe leo nimeacha kujikunyata.

Unakikumbuka kitabu cha wageni? Nchi hii hakuna ofisi isiyokuwa nacho, hata ile isiyo na paa. Cha pale zahanati, kijijini kwetu huko mbele ya Kurui, kilikuwa kaunta buku nyeusi, na kalamu yake imefungwa uzi wa katani ili wageni wasiondoke nayo. Wewe hukuwa daktari wala muuguzi. Ulikuwa mhudumu, na koti lako la bluu lilikuwa limepauka mabegani. Kufagia ni wewe, kuchemsha vifaa ni wewe, kushikwa mkono na mwanamke mwenye uchungu mpaka vidole vife ganzi ni wewe. Magari ya wakubwa yalipokuja, walishuka, wakatazama kuta, wakauliza "changamoto zenu ni zipi," na kabla hamjajibu walikuwa wameshaketi mbele ya kitabu. Jina, cheo, anakotoka, maoni. Na maoni yalikuwa yale yale: Kazi nzuri, endeleeni.

Ukurasa kwa ukurasa, mama, kazi nzuri, endeleeni! Nanyi hamna maji hata ya kumwosha mtoto aliyezaliwa asubuhi hiyo. Mabomba yalikuwepo ukutani tangu zamani, yamekauka. Mjamzito aliambiwa aje na madumu yake, na asiye na wa kumbebea alizalia nyumbani.

Siku moja ukaukata ule uzi, ukaitia kalamu mfukoni mwa koti lako. Nilikuwepo siku hiyo. Nilikuwa darasa la sita, nimekuletea chakula. Aliingia mgeni mmoja mnene mwenye shati la kitenge, akaketi, akatafuta kalamu. Ukamwinamia kwa adabu zote.

"Karibu baba, karibu sana. Kabla ya kitabu, bomba. Nawa kwanza mikono, ndipo uandike."

Akaenda kwenye sinki, akafungua. Bomba likatoa pumzi, likakohoa, likanyamaza. Wewe umesimama na taulo begani kama hujui lolote. Mimi nyuma ya mlango nilitamani ardhi ipasuke.

"Mama, unanifanyia mzaha?" akauliza.

"Mimi tena, baba? Nilitaka unawe tu."

Tuliporudi nyumbani nilikununia njia nzima. Nikakwambia, "Mama, unatuaibisha." Ukacheka mpaka kanga ikakuteleza. "Aibu ya kwangu hiyo, au ya bomba?" Nikazidi kununa.

Lakini yule mnene aliandika. Alisimama palepale penye sinki, akaandika kwa hasira: Bomba halitoi maji. Kitabu kizima hakikuwa na sentensi nyingine ya kweli kuliko hiyo. Uliukunja ule ukurasa pembeni, na kila gari lililokuja baada yake ukaufunua. "Huyu ni mkubwa mwenzenu, si mimi niliyesema." Ndipo tanki la kukingia mvua likaja.

Na likaja na visa vyake! Fundi akaliweka chini, usawa wa kizingiti, na bomba liko kiunoni. Maji yakakaa ndani ya tanki yakitutazama. Ukasema tumekosea, sasa tumejua. Wanaume wakafyatua matofali, tanki likapandishwa. Mifereji ya bati nayo ikainamishwa upande usiofaa, mvua iliyofuata yote ikamwagika kwenye bustani ya mganga mfawidhi, mchicha wake ukasombwa. Ukasema tena, tumekosea, tumejua. Mara ya tatu ikakubali. Na kiangazi tanki lilipokauka, akina mama mkawekeana zamu, kila kitongoji na siku yake, madumu manne manne. Ulipenda kusema kukosea si aibu, aibu ni kukosea palepale kila mwaka.

Kitu kimoja nimekuja kukiona nikiwa mtu mzima. Hata siku moja hukuwahi kujisifia tanki. Watu wakikuuliza mambo vipi pale kazini, ulijibu, "Mwanahamisi kajifungua juzi, kaoga, kambeba mwanawe, kaenda zake." Hiyo ndiyo ilikuwa taarifa yako ya utekelezaji. Haikuzidi hapo.

Kisha mimi nikasoma, nikaajiriwa. Ukaja Kibaha kuniona na kikapu cha mihogo, ukaketi kwenye kiti cha wageni hapa ofisini, ukauliza kazi yangu ni nini hasa. Nikakueleza: naenda kwenye miradi, nakagua, najaza jedwali. Kilichokamilika nakitia kijani, kilichochelewa njano, kilichokwama chekundu. Ukalitazama lile jedwali kwenye kompyuta, ukasema, "Zuri. Linapendeza kama doti mpya ya kanga." Sikujua kama umenisifu au umenisema. Na wewe nakujua, vyote viwili.

Mwaka ule ule tulipelekwa semina. Mwezeshaji alikuwa kijana mwembamba, akasema kuanzia sasa hatuulizwi tena tumefanya nini, tutaulizwa kimebadilika nini kwa mwananchi. Si idadi ya vikao tulivyokaa wala miongozo tuliyochapisha. Tuanze na tatizo lenyewe, tujaribu kidogo, tukikosea turekebishe, tujaribu tena. Mama, nilisisimka! Nikasema moyoni, huyu kakutana wapi na mama? Wenzangu walisinzia kwa kiyoyozi, mimi naandika mpaka kalamu inaisha wino. Na wallahi mpaka leo naamini kila neno alilosema. Hapo watu wasinielewe vibaya. Sina ugomvi na matokeo. Ugomvi wangu ni na wale waliolivisha nguo neno hilo ili lisitambulike.

Kwa sababu tuliporudi ofisini, tatizo likageuzwa mstari wa jedwali. Mstari wa zahanati ukasomeka hivi: jengo la uzazi limekamilika na lina mfumo wa maji. Ukiwa kijani, unapata awamu inayofuata ya mradi. Basi kila mtu akaanza kukimbilia kijani.

Zamu ya zahanati yenu ikafika. Mainjinia wakaja, wakabomoa chumba cha zamani pamoja na mifereji yake, tanki wakaling'oa, wakaanza jengo jipya. Bado ulikuwa kazini. Ukawauliza maji yatatoka wapi, mmoja akakujibu, "Mama, ipo kwenye ramani." Ulinipigia simu siku ile. "Siwema, wananiambia maji yapo kwenye ramani. Njoo na kikombe tuyachote." Tulicheka. Presha ikakuchukua kabla bati la mwisho halijapigwa, nami sikupata tena wa kucheka naye namna ile.

Sasa lifuatalo ndilo lililoniketisha hapa.

Siku ya ukaguzi tulikuwa na vituo vinane. Tulianzia Soga, na mkuu wangu, mzee wa watu ambaye mimi humheshimu mpaka leo, aliitazama treni ya umeme ikipita akasema, "Mnaona? Nchi inakimbia, nasi tukimbie." Tukakimbia kweli. Kwenu tukafika saa kumi jioni, dereva hakuzima hata gari. Jengo linang'aa, marumaru mpaka kiunoni, sinki jeupe, bomba la kisasa la kuinua kwa kiwiko. Bi Mwajabu, aliyeshika nafasi yako, akatupokea kwa woga. Kitabu kilikuwa palepale kwenye meza yako, na kalamu yake imefungwa uzi, kama zamani kabla hujaukata. Nikaketi. Nikaona pembe ya ule ukurasa wako uliokunjwa, moyo ukaniuma, nikataka kulia kidogo, nikajizuia. Nikaandika jina, cheo, ninakotoka. Na kwenye maoni nikaandika: Jengo limekamilika. Kazi nzuri.

Mimi, mama! Mwanao niliyekuwepo nyuma ya mlango. Nilitaka kulia kwa ajili yako, na bomba sikuligusa. Bi Mwajabu alinitazama kama mtu anayengoja kitu, kisha akainamisha macho. Nikapanda gari. Kesho yake mstari ukawa kijani, na kwa mstari huo tukawa wa kwanza kwenye orodha ya mradi. Tulipigwa picha.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi tuliposifiwa, hata hayo maji hatukutia.

Miezi mitatu baadaye Tatu, binti wa mama mdogo, akashikwa na uchungu. Alikwenda zahanati asubuhi, peke yake, kwa miguu, kwa sababu kila mtu alijua jengo jipya limekwisha. Bi Mwajabu akamwambia, mwanangu, hapa hamna tone, zamu za madumu zilikufa mradi ulipoanza, siwezi kukuzalisha kwa mikono michafu. Akamtafutia bodaboda impeleke Kisarawe. Hakufika. Alijifungulia kando ya barabara, wanawake waliokuwa shambani wakavua kanga wakamzungushia. Alitoka damu nyingi sana. Alilazwa wiki mbili. Mtoto ni wa kike, mzima, ana mapafu hasa, na Tatu yuko hai, Alhamdulillahi. Lakini hata leo akisimama muda mrefu hushika ukuta.

Nilikwenda kumwona nikiwa na sabuni na kanga mpya na maneno ya pole mdomoni. Tulizungumza hili na lile. Ndipo akaniambia, bila hasira yoyote, akimnyonyesha mtoto:

"Wakati nangoja bodaboda niliketi pale kwenye meza ya mama mkubwa. Nikafungua kitabu nijisahaulishe maumivu. Nikakuta jina lako, da Siwema. Nikasema, basi kama da Siwema ameona, maji yapo tu, ni mimi leo sina bahati."

Ni mimi leo sina bahati. Angenitukana ningejua la kujibu. Angenipiga kofi ningeshukuru. Nilitoka nje nikakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, nikalia kama mtoto, na safari hii sikujizuia.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda zahanati bila gari la ofisi, bila kitambulisho shingoni. Nikamwamkia Bi Mwajabu, nikamwambia, "Shangazi, leo nimekuja kunawa." Aliweka ufagio chini. Tukaingia wote. Nikainua lile bomba la kisasa kwa kiwiko. Lilitoa pumzi, likakohoa. Mama, sauti ni ile ile! Marumaru zote zile, na kikohozi ni kile kile cha utoto wangu. Buibui akatoka mdomoni mwa bomba akapanda ukutani zake.

Nikaketi kwenye kitabu. Chini ya maoni yangu ya kwanza nikaandika: Nilikosea. Sikufungua bomba. Leo nimefungua, halitoi maji. Nikatia saini, na Jumatatu nikaingia kwenye jedwali nikaugeuza mstari kuwa mwekundu.

Mkuu aliniita kabla ya chai.

"Siwema, hii nini?"

"Nyekundu, mzee."

"Naiona. Mfumo wa maji upo au haupo?"

"Upo. Maji ndiyo hayapo."

"Jedwali limeuliza maji?"

"Halikuuliza."

"Basi kijani, mwanangu. Wageni wa mradi wanakuja mwezi huu, na wamechagua zahanati hiyo hiyo kwa sababu ndiyo inayopendeza. Mimi nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Unataka nitoke na nyekundu?"

Si mtu mbaya, mama. Alinikopesha gari tulipokuzika. Kwa hiyo nilimweleza taratibu. Nikamwambia nyekundu si tusi, ni mahali pa kuanzia. Tukiiacha hivyo, tunaweza kurudisha mifereji na tanki kabla ya masika, na hiyo kazi kijiji kinaijua, kilishaikosea mara mbili kikaiweza. Tukiitia kijani, hakuna atakayerudi pale tena. Akafuta miwani yake, akasema, "Rudisha." Nikasema, "Sirudishi." Sikupandisha sauti. Nilishangaa mwenyewe jinsi lilivyotoka jepesi. Barua yenye mhuri ikanifikia siku hiyo hiyo mchana.

Tangu hapo nimekuwa mgonjwa wa kuambukiza. Korido inanyamaza nikipita. Wengine wananishauri niombe radhi yaishe, eti mwenye nguvu mpishe. Nimpishe aende wapi? Barabara hiyo hiyo aliyozalia Tatu? Hata! Nimepisha vya kutosha. Nilipisha siku ile saa kumi jioni, kwa sababu dereva hakuzima gari. Wakinihamisha, huko nitakakokwenda kuna zahanati na kuna bomba, na mkono ninao. Wakinifukuza, nitarudi kijijini nipande mihogo, na siku ya zamu ya kitongoji chetu nitabeba madumu yangu manne. Kuna kitu gani hapo cha kuniogopesha?

Ninachokiogopa nakijua. Naogopa Tatu mwingine aketi kwenye meza ile, asome jina langu, alaumu bahati yake.

Wala siko peke yangu kama wanavyodhani. Juzi Neema, binti wa Kanda ya Ziwa anayekaa meza inayotazamana na yangu, alirudi kutoka ukaguzi viatu vimejaa matope. Alifungua kompyuta, akageuza mistari yake miwili kuwa myekundu, akaigeuza kompyuta upande wangu nione, kisha akaenda zake kunywa chai.

Na maelezo yangu? Nimeyamaliza wakati nakuandikia wewe. Yamekuwa mafupi, sijui kama yatafaa jalada. Yanasema: Ni kweli nilibadilisha. Taarifa ya kwanza ilikuwa ya uongo na mwongo nilikuwa mimi. Adhabu ya hiyo naipokea. Kwa taarifa ya pili siombi radhi. Kabla hamjakaa kikao kunijadili, naomba wajumbe wote tuende pamoja, mfungue bomba lile kwa mikono yenu. Nitayawasilisha kesho asubuhi.

Sasa kuna moja nimekuwekea la mwisho, kwa sababu nataka ucheke.

Bi Mwajabu amenipigia simu asubuhi hii. Yule mwoga wetu, anayejikunyata likipita gari tu! Kaambiwa apige deki, afute sinki, aweke kitabu cha wageni mezani, wageni ni Alhamisi. Kapiga deki. Kafuta sinki mpaka linang'aa. Kitabu kakiweka mezani, wazi, kwenye ukurasa wangu. Lakini kalamu, anasema, kaikata kwenye kitabu na kuifunga kwa uzi wa katani shingoni mwa bomba, fundo tatu. Anayetaka kuandika aende akasimame pale.

Nikamuuliza, "Shangazi, huogopi?"

Akanijibu, "Naogopa sana. Lakini fundo nimeshafunga."

Lala salama, mama.

Ni mimi mwanao wa nyuma ya mlango, ambaye sasa ametoka,

Siwema